Maganda ya planktoni na kaboni inayozama baharini: chokaa au kioo, kipi kinabeba zaidi?

Mwana_Kigombe

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi niko Tanga, kijiji cha mwambao, tuna kikundi cha mwani na kina mama wameanza kufuga chaza. Sasa juzi kwenye kikao palizuka mjadala mrefu wa biashara ya hewa ukaa, kwamba wenzetu wa Katavi kule wilaya ya Tanganyika vijiji vinalipwa kwa kutunza misitu, sisi wa baharini tunakosaje, na kijana mmoja akasimama akasema bahari nayo inafukia kaboni kila siku na wanaofanya hiyo kazi ni planktoni, vidudu visivyoonekana kwa macho, wana maganda ya madini, wengine ganda la chokaa wengine ganda la kioo, wakifa ganda linawavuta mpaka chini kabisa na kaboni yao yote. Watu wakapiga makofi, kikao kikafungwa.

Mimi jambo hili limenikaa kichwani, nina maswali matatu na naomba mwenye kujua anijibu taratibu.

La kwanza, kitu kidogo namna hiyo kinazamaje? Masika ikikolea mto Pangani unamwaga tope mpaka nje huko, na lile tope laini linakaa majini siku na siku halitulii, na lile ni udongo kabisa. Sasa kidudu kidogo kama chembe ya tope kinafikaje chini ya mkondo wa Pemba ambako hata kamba ya nanga haigusi?

La pili, kati ya ganda la chokaa na la kioo lipi linazamisha kaboni zaidi.

La tatu ndo linanisumbua zaidi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, anapanga matumbawe juu ya magogo, tanuri linawaka usiku kucha, na asubuhi mawe yakipoa unakuta yamekuwa mepesi, jiwe ambalo jana uliliinua kwa mikono miwili leo unalibeba kwa mmoja. Uzito ule umekwenda wapi kama si hewa imetoka? Na kama hewa yenyewe ndiyo hiyo hewa ukaa basi ganda la chokaa ni ghala la kaboni, au vipi wakuu?

Bint_Bagamoyo

Kaka Mwana_Kigombe, asante kwa kuuliza vizuri. Nimesomea sayansi ya bahari na sasa nafundisha huku Bagamoyo, nitajibu la kwanza na la pili, la tatu nawaachia watu wa kemia maana linataka nafasi yake.

Hoja yako ya tope ni sahihi kabisa. Mchukue kokolitofori, huyu ni mwani wa seli moja anayejivika vigamba vya chokaa, kigamba kimoja ni mikromita chache, ukivipanga mstari mmoja ni mia kadhaa ndo unapata milimita. Kigamba hicho kikiwa peke yake kinashuka chini ya nusu mita kwa siku. Bahari kuu ina kina cha wastani cha kama mita 3,700, piga hesabu, ni zaidi ya miaka 20 kufika chini na hapo mkondo haujakichukua wala hakijayeyuka njiani. Na ile kaboni laini, yaani mwili wa kiumbe wenyewe, haina muda huo, bakteria wanaanza kuula mara tu kiumbe akifa, wanatoa hewa ukaa, na kwa kuwa bado iko juujuu inarudi angani.

Kwa hiyo hawazami mmojammoja, wanazama kwa makundi, na makundi yanatengenezwa kwa namna mbili. Moja ni kugandana. Diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la kioo, na wengine wanatoa ute, ute unanata, seli zilizokufa na maganda matupu na vumbi na bakteria vinashikana vinakuwa mabonge, mengine nusu milimita mengine sentimita nzima, wapiga mbizi wanayaona yakishuka meupe meupe na wataalamu wanayaita theluji ya bahari. Ya pili ni kinyesi, na naomba mtu asilidharau hili. Kuna kopepodi, jamii ya kamba lakini wadogo kuliko uduvi, ndio chakula kikubwa cha dagaa, wao wanakula planktoni mchana na usiku, ganda halimeng'enyeki, linatoka limefungwa pamoja na mabaki ya chakula ndani ya kidonge chenye utando wake. Kidonge cha namna hiyo kinashuka makumi mpaka mamia ya mita kwa siku. Kile kigamba cha miaka 20 sasa kinafika chini ndani ya wiki kadhaa au miezi michache.

Hapo ndipo uzito wa madini unapoingia. Maji ya bahari ni kama gramu 1.03 kwa mililita. Mwili laini wa planktoni ni kama 1.06, tofauti ni ndogo mno. Ganda la silika la diatomu, hicho ndicho kioo kilichotajwa kikaoni, ni karibu 2. Chokaa ya kokolitofori na ya foraminifera, viumbe wa seli moja wenye ganda la vyumba vyumba, ni 2.7. Na kuna teropodi, konokono wadogo wanaoogelea, chokaa yao ni ya aina ya aragoniti, inafika 2.9. Bonge likijaa maganda linakuwa zito kwa ukubwa uleule, ndiyo maana kwenye taaluma yetu madini hayo tunayahesabu kama farumi, yale mawe ya tumboni mwa jahazi lisilo na shehena yanayolikalisha chini majini.

Na kwa nini kasi ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu ni mbio kati ya bonge na bakteria. Mwaka 1987 John Martin na wenzake walichapisha vipimo vya Pasifiki, walitumia mitego ya mashapo, ni vyombo vyenye mdomo wazi vinavyoning'inizwa kwenye kamba kina mbalimbali kudaka kinachoshuka. Kwa mkunjo walioupata, kaboni inayopita mita 100, ikifika mita 1,000 imebaki kama asilimia 14 tu. Nyingine yote imeliwa njiani. Bonge likishuka haraka, kaboni inafika kina kirefu zaidi kabla haijaliwa, na kadiri inavyofika chini ndivyo inavyochelewa kurudi, ikiachiliwa mita 200 inaweza kurudi juu mwaka huohuo upepo ukikoroga maji, ikiachiliwa chini ya mita 1,000 inakaa mamia ya miaka.

Nimwambie na yule kijana wa kikaoni kwa heshima, neno kufukia si sawasawa. Planktoni wa bahari zote wanajenga kama tani bilioni 50 za kaboni kwa mwaka, inayotoka kwenye tabaka la mwanga kwenda chini ni kati ya bilioni 5 na 12, na inayofukiwa kweli kwenye mashapo haifiki hata asilimia 1 ya ile ya mwanzo. Faida ya kaboni kuzama ni muda inaokaa huko chini, siyo kwamba imezikwa.

Nahodha_Mstaafu

Wajukuu zangu hamjambo. Nimesoma uzi huu taratibu na nimefurahi vijana kuzungumza bahari. Mimi nimevua mkondo wa Pemba tangu enzi za matanga nataka kuuliza mwalimu. Kusi ikishika maji yanachafuka yanapoa na kunakuwa na chakula ndani yake, kaskazi maji yanatulia yanakuwa meupe unaona chini, na kipindi hicho cha kaskazi tunakutana na mabaka ya rangi ya kahawia yanaelea juu marefu yanafuata mkondo, yakikaa siku mbili tatu ufukweni yananuka. Hayo nayo ni planktoni? na mbona hayazami? maana nimeyaona yakikaa juu siku nzima jua linawaka.

Bint_Bagamoyo

Shikamoo babu. Ndiyo, hayo ni planktoni na swali lako ndilo linaonyesha jambo lenyewe vizuri. Mabaka hayo mara nyingi ni Trichodesmium, jamii ya bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, hana ganda lolote, si chokaa si kioo, na zaidi ya hapo ana vifuko vya hewa ndani ya seli vinavyomwinua. Anapenda maji ya moto yaliyotulia ndo maana unamwona kaskazi. Kaboni yake nyingi inaliwa na kuozea palepale juu, harufu unayoisikia ufukweni ndiyo hiyo.

Kusi ni habari nyingine. Upepo unakoroga maji, virutubisho vinapanda, na hapo diatomu wanapata nafasi maana wao wanataka virutubisho vingi na silika. Kaskazini yetu huko Bahari ya Arabuni, ambako upepo huu huu wa kusi unapandisha maji ya chini kwa nguvu sana pwani ya Somalia na Omani, watafiti waliweka mitego ya mashapo kwenye kina kirefu kuanzia 1986 na wakakuta mvua ya mashapo inaongezeka misimu yote miwili ya pepo, kusi na kaskazi, na kati ya misimu inapungua. Yaani kalenda yako ya uvuvi babu inasomeka mpaka kilomita 3 chini ya maji.

Mkemia_wa_Ngamiani

Naja kwenye swali la tatu maana hili watu wengi wanalikosea, hata kwenye makala za watu wakubwa.

Babu yako mchoma chokaa alikuwa anafanya kemia safi. Mawe yake ni kalsiamu kaboneti. Ukichoma kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi unabaki na kilo 56 za chokaa hai na kilo 44 zimeruka hewani, zote hewa ukaa. Kwa hiyo ndiyo, ndani ya ganda mna kaboni. Ukitaka kuiona bila tanuri chukua kipande cha ganda la kombe kavu ukikamulie ndimu, utaona mapovu madogo yanaanza kwenye mikwaruzo ya ganda alafu yanasambaa na ukisogeza sikio unasikia yanachemka. Mapovu yale ni hewa ukaa. Ganda la diatomu ukilifanyia hivyo halitoi kitu maana ni silika, halina kaboni hata chembe.

Sasa watu wanaishia hapo wanasema basi chokaa ni bora maana ganda lenyewe lina kaboni. Subiri kwanza. Kaboni ya ganda haitoki hewani moja kwa moja, inatoka kwenye bikaboneti ambayo tayari imeyeyuka baharini. Kiumbe anachukua kalsiamu moja na bikaboneti mbili, anapata chokaa moja, na inayobaki ni maji na hewa ukaa moja. Umeona? Bikaboneti mbili zimeingia, moja imekuwa ganda, nyingine imegeuka hewa ukaa. Bahari ina uwezo wa kumeza sehemu ya hiyo hewa isitoke yote, kwa maji ya juu ya sasa inabaki kama 0.6 kwa kila chokaa moja inayojengwa. Maana yake kujenga ganda la chokaa kunaongeza hewa ukaa kwenye maji ya juu, na uwezo wa maji hayo kupokea nyingine kutoka angani unapungua.

Kwa hiyo kina mama wa chaza naomba wasikie hili mapema. Mtu akija kuwaambia atawalipa kwa kaboni iliyomo kwenye maganda ya chaza, muulizeni amehesabuje hewa iliyotoka wakati ganda linajengwa. Chaza ni chakula na ni biashara nzuri, watu wale chaza wauze chaza, ila ganda lake lisiuzwe kama msitu.

Mwana_Kigombe

Mkemia hapo umenifungua macho, na lile la ndimu nimelifanya saa hizi hizi jikoni kwenye ganda la kombe, kweli linachemka, watoto wamejaa mezani wanataka kurudia.

Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi. Dada Bint anasema ganda la chokaa ni farumi linazamisha kaboni, wewe unasema likijengwa linatoa hewa ukaa. Sasa mwisho wa siku bahari inapata au inapoteza? Na bado swali la kioo na chokaa halijajibiwa.

Bint_Bagamoyo

Nilikuwa nimelishika hilo kaka, nimesubiri mkemia amalize kwa makusudi.

Twende na hesabu. Kwenye kinachotoka tabaka la juu duniani kwa jumla, kaboni ya chokaa haifiki sehemu moja ya kumi ya kaboni laini. Kaboni laini ndiyo iliyotoka kwenye hewa ukaa kwa usanisinuru, kwa hiyo ikishuka bahari imepata. Chukua kumi zilizoshuka, toa ile 0.6 ya chokaa moja au chini yake, bado unabaki na faida kubwa. Kwa wastani bahari inapata. Lakini maji yaliyojaa kokolitofori, kama yale yanayogeuka rangi ya maziwa na buluu upande wa Norwei au Bahari Nyeusi mpaka setilaiti zinayapiga picha, hapo uwiano unapanda na faida inapungua sana, huwezi kusema tu mwani umechanua basi hewa ukaa imepungua.

Sasa kioo na chokaa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo yaliyotikisa watu, Christine Klaas na David Archer walikusanya vipimo vya mitego ya kina kirefu kutoka bahari mbalimbali, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya kaboni laini inayofika chini ya mita 1,000 inaandamana na chokaa, kioo kinachukua sehemu ndogo tu. Mwaka huohuo Robert Armstrong na wenzake walionyesha ukishuka chini sana kaboni laini inatulia kwenye kama asilimia 5 ya uzito wa vyote vinavyoshuka, kana kwamba imefungiwa kwenye madini na bakteria hawaifikii tena.

Kwa nini chokaa imshinde kioo wakati diatomu ndio wanaozalisha sana? Uzito ni sababu moja. Nyingine mimi naiona kubwa zaidi, ni kuyeyuka. Bahari yote ina njaa ya silika, juu mpaka chini, kwa hiyo ganda la kioo linaanza kuyeyuka mara bakteria wakishatafuna ule utando laini unaolifunika, na maji yakiwa ya moto kama yetu linayeyuka haraka zaidi. Karibu nusu ya kioo chote kinachojengwa kinapotea ndani ya mita 100 za mwanzo. Chokaa kinyume chake, maji ya juu yameshiba chokaa kwa hiyo ganda halipungui sana njiani, linaanza kuyeyuka sawasawa kwenye kilomita kadhaa huko chini. Kwa hiyo diatomu wanashusha kaboni nyingi kwa kishindo wakati wa msimu wao, lakini mabonge yao ni mapya, laini, yanalika upesi. Wa chokaa wanashusha kidogo ila kinachoshuka kinafika.

Na kuna planktoni wengine wa seli moja wanaitwa akantaria, mifupa yao ni ya strontiamu salfeti, hao ndio wazito kuliko wote, ila maji yanawayeyusha kwenye mamia ya mita za mwanzo. Uzito peke yake hautoshi kama farumi inayeyuka njiani.

Lakini naomba msiondoke mkidhani jambo limekwisha. Uta Passow mwaka 2004 alihoji, na mimi niko upande wake kwa sehemu kubwa, kwamba pengine tumeshika mkia badala ya kichwa. Kuona madini na kaboni vinashuka pamoja haisemi nani anamshusha mwenzake. Yawezekana ni ute na mabonge ndiyo yanayokusanya madini, maana kigamba cha chokaa bila ute na bila kinyesi kingebaki juu miaka, tumeshaona. Na ilipojaribiwa maabara, kuongeza madini mengi kwenye mabonge kuliyafanya yawe madogo, yanameguka, na bonge dogo kasi yake inashuka ingawa ni zito. Mimi nikiulizwa nasema mfungashaji ana kazi kubwa kuliko mzigo, yaani nani anakula nini na anatoa kinyesi cha namna gani. Maji yaleyale, planktoni walewale, akiingia salpa, mnyama laini kama jeli anayechuja maji, ambaye vidonge vyake vya kinyesi vinaweza kushuka mita 1,000 kwa siku, kaboni inafika chini. Wakibaki wadudu wadogo tu wanaorarua vidonge na kuvila tena, haifiki.

Mawe_ya_Kusini

Nakazia kwa upande wa jiolojia maana sisi Watanzania tuna hazina kwenye hili jambo na haizungumzwi.

Wa kwanza kuchora vizuri sakafu ya bahari kuu walikuwa wa meli ya Challenger ya Uingereza, 1872 mpaka 1876, waliteremsha kamba wakaleta tope la chini na wakaona tope jeupe la maganda ya chokaa linatanda maeneo makubwa, lakini wakishuka zaidi ya kina fulani linatoweka, unabaki udongo mwekundu au maganda ya kioo. Leo tunajua ni kama kilomita 4 mpaka 5 kwenda chini, maji ya huko ni baridi, yana msukumo mkubwa na hewa ukaa nyingi, chokaa inayeyuka yote. Na ikiyeyuka ile kemia ya mkemia inarudi kinyumenyume, inameza hewa ukaa, ila mzunguko huo ni wa maelfu ya miaka, haumsaidii mtu wa kikao cha kijiji.

Sasa hazina yetu. Kilwa na Lindi kuna udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari, ndani yake mna foraminifera wa mamilioni ya miaka waliohifadhika ajabu, maganda yao bado yanapitisha mwanga wakati ya sehemu nyingi duniani yamekuwa meupe kama jiwe la kawaida kwa kubadilika kemikali. Paul Pearson na wenzake walitumia maganda hayo ya Tanzania kwenye kazi ya 2001 kuonyesha bahari za tropiki enzi za Eosini, zamani sana kabla barafu haijatanda Antaktika, zilikuwa za moto kuliko ilivyodhaniwa, na 2009 wakapima boroni ndani ya maganda ya Tanzania kukadiria hewa ukaa ilivyobadilika miaka kama milioni 34 iliyopita barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda. Udongo wa Kilwa ndio uliotoa jibu hilo.

Na nyie wa Tanga mapango ya Amboni yamechimbika kwenye mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasi, yalitengenezwa baharini. Ukijumlisha mawe ya chokaa ya dunia nzima ndo ghala kubwa kuliko yote la kaboni kwenye tabaka la juu la dunia. Kwa hiyo kwa hesabu ya mamilioni ya miaka kijana wa kikaoni yuko sawa, kwa hesabu ya maisha yetu mkemia yuko sawa.

Nahodha_Mstaafu

Nimewaelewa. Sasa niambieni mkondo wetu wa Pemba na ule wa Unguja, wapi inazama na wapi haizami. Na hii habari ya bahari kuwa na asidi nimeisikia redioni.

Bint_Bagamoyo

Babu, mkondo wa Unguja ni maji mafupi, sehemu kubwa ni makumi ya mita tu. Bonge linagusa chini siku hiyohiyo au ya pili, hapo linakutana na majongoo na minyoo na mawimbi ya kusi yanalifumua tena, na Ruvu na Wami zinaongeza tope juu yake. Tope la mto nalo ni farumi likishikana na ute, lakini kwenye maji mafupi kaboni haipati pa kukaa muda mrefu majini. Mkondo wa Pemba una kina kinachofika kama mita 800. Huo ni mwendo wa siku kadhaa mpaka wiki kwa kidonge kizuri, na kinachofika kule kinalisha viumbe wa gizani. Ila mita 800 bado si kina cha kusema kaboni imelala karne nyingi, mkondo wa maji unaoelekea kaskazini unaibeba.

Asidi ni kweli. Bahari inameza kama robo ya hewa ukaa tunayotoa, na tangu viwanda vianze pH ya maji ya juu, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imeongezeka, imeshuka kutoka karibu 8.2 mpaka karibu 8.1. Namba ndogo lakini kipimo hicho kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo ni ongezeko la asidi la zaidi ya robo. Teropodi wanaumia kwanza maana aragoniti inayeyuka upesi kuliko chokaa nyingine. Ganda likiwa jembamba, kwa upande mmoja hewa ukaa inayotolewa kulijenga inapungua, kwa upande mwingine farumi inakuwa nyepesi na kaboni inaliwa karibu na juu. Pande hizo mbili zinavutana, na mimi wasiwasi wangu mkubwa uko kwa anayemla teropodi, maana samaki wengi wanaanzia hapo.

Kaka Mwana_Kigombe, kikao kijacho waambie wazee kinachoweza kuhesabiwa na kulindwa na kijiji ni mikoko na nyasi bahari, kaboni yake iko kwenye udongo unaoweza kuuchimba na kuupima na mpaka wake unajulikana. Planktoni hawana kijiji, wanahama na mkondo.

Mwana_Kigombe

Dada asante sana, na nyote wakuu. La mwisho kabisa, watoto wameshanogewa na ndimu, hawa foraminifera mtu anaweza kuwaona bila maabara?

Bint_Bagamoyo

Unaweza. Maji yakitoka chota mchanga mweupe kidogo kutoka karibu na nyasi bahari au nyuma ya mwamba, usichukue wa mdomoni mwa mto maana huo ni tope na mchanga wa bara. Uoshe kwa maji ya bomba mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, uanike kwenye karatasi nyeusi, kisha tumia lenzi ya mkono ya mara kumi, hata ile ya fundi saa. Vipande vya matumbawe havina umbo maalumu, vipuuze. Tafuta vidonge vilivyo duara, bapa, vinang'aa, vina mistari inayozunguka kutoka katikati, kila mstari ni ukuta wa chumba kimoja. Hao ni foraminifera wa chini, si wale wanaoelea, lakini ganda ni chokaa vilevile. Chukua kidonge kimoja kwa ncha ya sindano yenye unyevu, kiweke kwenye kioo cheusi au kwenye simu iliyozimwa uliyoifunika nailoni, dondosha siki tone moja, na mtoto aangalie kwenye lenzi povu linapoanzia. Tumia siki, ndimu ina nyuzi zinachafua picha.